Kabla ya Kuwaita Wanafunzi: Tiba Shufaa ya Watoto Inapofika Musaga

Mradi wa wanafunzi wanaojitolea kuwatunza watoto wagonjwa huvutia tangu ukurasa wa kwanza wa andiko lake. Kuna wanafunzi wa udaktari, uuguzi na saikolojia wanaotaka kujitolea. Kuna watoto wanaougua maradhi mazito, wengine wasiotarajiwa kupona. Kila mwanafunzi atakabidhiwa mtoto mmoja, atamtembelea kila wiki, atacheza naye, atamsomea hadithi na kumpa mama yake nafasi ya kupumzika kwa saa mbili. Mwishoni mwa mwaka itaandikwa ripoti yenye idadi ya ziara zilizofanyika. Nia ni njema, gharama ni ndogo, na ni vigumu kulisoma andiko hilo bila kuguswa.

Mimi pia linanigusa, na ndiyo sababu nataka tulizungumze bila kulipamba. Ninaamini vijana wa Burundi wanaweza kuifanya kazi hii na wanapaswa kuifanya. Ninaamini pia kwamba mara nyingi hupangwa kinyume: wanafunzi huwekwa mwanzo, muuguzi na dawa huachwa vije baadaye, katika awamu ya pili. Mtoto mwenye maumivu hana muda wa kuisubiri awamu ya pili.

Tuupeleke basi mpango huo Musaga, tuone unavyotembea.

Musaga iko kusini mwa Bujumbura, kwenye mteremko ulio kati ya mto Muha na mto Kanyosha. Barabara ya taifa namba 7 inapita hapo ikipanda kuelekea milima ya Mugamba, na gereza kuu la Mpimba liko hapo hapo. Upande wa Kinanira utakuta nyumba kubwa zenye kuta ndefu na walinzi mlangoni. Ukiingia Gitaramuka, Gasekebuye au Kamesa, nyumba zimebanana, ua mmoja unatumiwa na familia kadhaa, na njia wanayopita watu ndiyo hiyo hiyo inayopitisha maji ya mvua. Mpango unaoihesabu Musaga yote kuwa jamii moja ya walengwa umeshakosea kabla haujaanza, kwa sababu mtoto wa Kinanira na mtoto wa Kamesa hawaumwi kwa namna moja hata kama ugonjwa wao ni mmoja. Wa kwanza ana gari la baba. Wa pili ana mgongo wa mama.

Chukua mtoto wa kike wa miaka saba mwenye uvimbe kwenye taya. Ni mfano tu, lakini madaktari wa ukanda huu wanaujua vizuri mno. Hiyo ni limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa hospitali ya Mulago mjini Kampala, aliielezea mwaka 1958. Uvimbe wake hukua kwa kasi ya kutisha, hata kuongezeka maradufu ndani ya siku chache. Ukiwahiwa kwa dawa, watoto wengi hupona. Ukichelewa, mtoto hawezi kutafuna, meno yanalegea, jicho linasukumwa nje, na usiku haulaliki.

Kwa nini huchelewa? Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya matibabu kwa watoto wa chini ya miaka mitano na kwa akina mama wanaojifungua. Lilikuwa jambo kubwa, na vituo vya afya vilifurika. Lakini mtoto wetu ana miaka saba. Ameshauvuka mpaka wa msamaha, na kila kipimo sasa kinatoka mfukoni mwa baba anayebeba matofali au mama anayeuza mboga kando ya barabara. Mwaka huo huo wa 2006 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya wagonjwa maskini waliozuiliwa ndani ya hospitali za Burundi kwa kushindwa kulipa bili. Watu wa mitaani hawakuhitaji ripoti ili kulijua hilo. Hofu ya deni la hospitali huishi muda mrefu kuliko deni lenyewe, na humfanya mzazi ajaribu kwanza dawa za majani, kisha maombi, kisha duka la dawa la jirani, na hospitali iwe ya mwisho.

Kisha kuna umbali wa tiba. Kwa miaka mingi Burundi haikuwa na mashine ya kutibu saratani kwa mionzi. Aliyeihitaji alitazama Kampala, Kigali au India. Rwanda ilikuwa karibu zaidi, ikiwa na hospitali ya Butaro iliyoanza kutibu saratani mwaka 2012. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda. Siasa za mpaka huo nawaachia wenye kuzijua. Ninachojua ni kwamba hakuna andiko la mradi wa kujitolea linaloweka mstari wa bajeti kwa ajili ya mpaka uliofungwa, na mtoto ambaye njia yake ya kwenda kutibiwa imekatika hugeuka kuwa mgonjwa wa kutunzwa nyumbani hata kama ugonjwa wake ulikuwa wa kupona.

Hapo ndipo tiba shufaa inapoingia, na lazima niseme wazi ni nini, kwa kuwa wengi huiona kama kumkabidhi mgonjwa kwa kifo. Maelezo ya Shirika la Afya Duniani juu ya watoto, yaliyotolewa mwaka 1998, yanasema huduma hii inaanza siku ugonjwa unapotambuliwa na inaendelea, mtoto awe anatibiwa ugonjwa wenyewe au la. Inahusu mwili, akili na roho ya mtoto, na inaibeba familia yake pia. Mtoto mwenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, mwenye kichwa kilichojaa maji, mwenye virusi vya UKIMWI, mwenye siko seli, wote wanaihitaji, na baadhi yao wataishi miaka mingi.

Sasa mwanafunzi anafika. Ni saa tisa alasiri, amebeba kalamu za rangi na kitabu cha picha. Mtoto amelala ubavu, amekunja magoti, hataki kuguswa. Mama anasema, "Karibu mwanangu, leo hajalala tangu jana." Mwanafunzi anajua, maana amefundishwa darasani, kwamba maumivu haya yana dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2012 kuhusu maumivu ya watoto, ulioondolewa mwaka 2019, ulikuwa rahisi kueleweka: maumivu madogo, parasetamoli au ibuprofeni, maumivu ya kati na makali, mofini. Mofini ya maji ya kunywa hupewa mtoto kila baada ya saa nne, na ya kulalia huongezwa ili usiku upite bila kumwamsha. Huandamana na dawa ya kulainisha choo, kwa kuwa mofini hufunga tumbo. Hayo tu. Mama yeyote aliyewahi kumpa mtoto dawa ya malaria kwa saa anaweza kuifanya kazi hiyo kwa kijiko na simu yenye kengele.

Lakini mwanafunzi hana mofini, na hana haki ya kuiandika. Nyuma yake hakuna muuguzi wa kumpigia simu. Anachoweza kufanya ni kukaa, kushika mkono, kutazama saa, na kuondoka. Wiki inayofuata atarudi akiwa na hofu. Baada ya hapo atapata mtihani, au mafua, au msiba wa shangazi. Simlaumu. Kumpeleka kijana wa miaka 22 mbele ya maumivu asiyopewa chochote cha kuyapunguza ni kumdhulumu yeye, na ni kumdhulumu mtoto ambaye amejifunza kwamba wageni huja, hutazama, huenda.

Tatizo si la Burundi peke yake. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilihesabu kwamba katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zinazogawanywa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini hupata sehemu moja ya kumi ya tani. Tume hiyo hiyo ilikadiria kwamba karibu watoto milioni 2.5 hufariki kila mwaka wakiwa katika mateso mazito ya kiafya ambayo mengi yangeweza kupunguzwa, na zaidi ya asilimia 98 ya watoto hao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Unga wa mofini si ghali. Kinachokosekana ni vibali, wafamasia waliopewa mamlaka ya kuuchanganya, madaktari wasioogopa kuuandika, na ofisi moja serikalini inayolichukulia jambo hili kuwa lake.

Ndiyo maana historia ya Uganda inastahili kusomwa na kila anayetaka kuanzisha mradi huu Bujumbura. Mwaka 1993 Anne Merriman, daktari mzaliwa wa Liverpool, alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala akiwa na wauguzi wawili, Fazal Mbaraka na Martha Rabwoni, na fedha za kuwatosha miezi mitatu. Hakuanza kwa kukusanya watu wa kujitolea. Alianza na mofini. Kabla ya kukubali kufanya kazi nchini alihakikisha kwamba serikali itaruhusu unga wa mofini kuingizwa ili uchanganywe na maji uwe dawa ya kunywa, ya bei ambayo mkulima anaimudu. Kuanzia hapo wauguzi walikwenda majumbani na chupa mkononi. Wanafunzi wa udaktari wa Makerere walifundishwa. Mwaka 2004 sheria ikabadilishwa, na muuguzi au tabibu aliyesomea kozi maalumu ya miezi tisa akaruhusiwa kuandika mofini mwenyewe, jambo ambalo nchi nyingi tajiri zilikuwa bado hazijathubutu. Watu wa kujitolea vijijini walikuja juu ya msingi huo. Kazi yao ilikuwa kumtambua mgonjwa aliyefichwa nyumba ya nyuma, kumwita muuguzi, kuteka maji, kuosha nguo, kuangalia kama dawa imekaribia kwisha. Mtu wa kujitolea wa namna hii ana nguvu, kwa sababu akisema "nitamwita muuguzi", muuguzi anakuja.

Mwaka huo huo wa 1993, mbali sana na sisi, chama kidogo cha tiba ya maumivu kilianza katika chuo cha udaktari cha Calicut, jimbo la Kerala, India. Nao walikuta sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1985 imeifanya mofini kuwa adimu, na nao waliipigania kwanza. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakajenga mtandao wa majirani. Yeyote aliyeweza kutoa angalau saa mbili kwa wiki alifundishwa darasani saa 16, akatembea siku nne pamoja na wauguzi, ndipo akaruhusiwa kuingia nyumba za wagonjwa. Wanafunzi wa vyuo na wa sekondari waliingia katika mtandao huo kwa wingi. Kinachonivutia ni kwamba mwanafunzi wa Kerala hakuwa nguzo ya huduma. Alikuwa mkono wa ziada. Aliposafiri kwa likizo, huduma ilibaki pale pale kwa sababu jirani, muuguzi na chupa ya dawa havikusafiri naye.

Na 1993 ni mwaka wa kwetu pia, kwa uchungu wake wote. Oktoba tarehe 21 Rais Melchior Ndadaye aliuawa, na vita vikaanza. Katika mwaka huo huo Bujumbura kilizaliwa chama cha ANSS, cha kuwasaidia watu wenye virusi vya UKIMWI. Kiongozi wake, Jeanne Gapiya, aliyekuwa amempoteza mwanawe mdogo kwa ugonjwa huo, alisimama katikati ya miaka ya 1990 na kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi, wakati ambapo hakuna Mrundi mwingine aliyekuwa amethubutu. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijafika. Kazi ya ANSS ya miaka ile ya mwanzo ilikuwa kukaa karibu na watu waliokuwa wakifa, kuwaosha, kuwalisha, kuwatetea. Wakati huo huo walizidai dawa bila kuchoka, mpaka zikapatikana, na kituo chao cha Turiho kikawa mahali pa kutibiwa.

Naitaja ANSS kwa sababu watu wakisema Burundi haina mazoea ya kujitolea kwa wagonjwa, wanaisahau. Mazoea tunayo. Walioyajenga walikuwa wagonjwa wenyewe, wajane na mama waliofiwa, watu ambao hawakuwa na mahali pengine pa kwenda muhula ukiisha. Walidumu katikati ya vita. Mradi wa wanafunzi unapaswa kujiuliza kwa unyenyekevu utadumu vipi katikati ya mitihani.

Hilo la muda ndilo linaloangusha miradi mingi, na hapa nataka kukaa kidogo.

Mwisho wa Aprili 2015 maandamano yalipoanza dhidi ya muhula wa tatu wa Rais Nkurunziza, Musaga ilikuwa moja ya mitaa iliyowaka kwanza. Vizuizi viliwekwa barabarani, risasi zikasikika mchana. Siku hizo hizo Chuo Kikuu cha Burundi kilifungwa na wanafunzi waliokaa bwenini walitolewa. Mamia yao walilala nje karibu na ubalozi wa Marekani kwa kukosa pa kwenda. Fikiria mtoto wa Gasekebuye aliyekuwa akimsubiri dada yake wa Jumamosi wakati huo. Mwanafunzi hayupo mjini. Barabara haipitiki. Mtu pekee ambaye angeweza kumfikia ni yule anayeishi njia ileile, anayejua uchochoro upi uko salama saa ngapi.

Si lazima yawe maasi. Mwaka 2017 ruzuku ya wanafunzi wa chuo kikuu iligeuzwa kuwa mkopo, na kijana anayehesabu mkopo wake huhesabu pia nauli. Kitivo cha tiba na hospitali yake ya mafunzo viko Kamenge, kaskazini mwa mji. Musaga iko kusini. Safari hiyo hukatiza katikati ya mji. Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya Bujumbura. Kisha ukaja uhaba wa mafuta, mwaka baada ya mwaka, foleni za magari zikizunguka vituo vya petroli, mabasi yakipungua, watu wa mitaa ya kusini wakipanda kwa miguu jioni kurudi nyumbani. Na Jumamosi, siku ambayo mwanafunzi yuko huru, asubuhi yake ni ya kazi za pamoja za jamii, na usafiri husimama hadi saa nne na nusu hivi. Ukizitoa saa hizo, za kusubiri basi na za kurudi kabla ya giza, ziara ya saa mbili inabaki ya dakika arobaini.

Haya yote mtu wa Bujumbura anayajua. Ajabu ni kwamba hayaingii katika mpango, kwa sababu mpango hupimwa na watu walio mbali kwa maswali ya mbali. Unaulizwa una wanafunzi wangapi, siyo wangapi wanaishi Musaga. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha jambo moja tu katika andiko lolote la mradi huu, lingekuwa hilo. Mwanafunzi anayetoka Musaga, hata kama anasoma hesabu au sheria badala ya udaktari, anafaa kuliko mwanafunzi bora wa tiba anayeishi upande mwingine wa mji. Anafika kwa miguu. Mama wa mtoto anamjua mama yake. Nyumbakumi anamjua. Wahudumu wa afya wa jamii, wale tunaowaita abaremeshakiyago, wanaweza kumtuma na wanaweza kumkaripia. Likizo ikifika, yeye anarudi Musaga wakati wenzake wanatawanyika kwenda mikoani.

Na afundishwe nini? Kwanza kazi za mikono: kuteka maji bomba la shirika la maji la Regideso likikauka, kufua mashuka, kukaa na wadogo zake mgonjwa ambao hakuna anayewatazama, kumpeleka kaka wa mgonjwa shule siku mama alipokesha. Mtoto anapougua sana, nyumba nzima humgeukia yeye, na ndugu zake hubaki na njaa ambayo hakuna anayeiuliza. Mwanafunzi wa saikolojia anaweza kudhani kazi hizo ni ndogo kwake. Asipelekwe mpaka afahamu kwamba mama aliyefuliwa mashuka ndiye atakayezungumza naye ukweli wake.

Pili, afundishwe kusikiliza bila kuahidi. Watu wazima wa kwetu huamini mtoto hajui. Wanashusha sauti, wanamwambia utapona, wanatoka nje kulia. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner alichapisha utafiti wake juu ya watoto wenye saratani ya damu katika hospitali moja ya Marekani. Aligundua kwamba watoto wale walijua wanakufa ingawa hakuna aliyewaambia, na kwamba walinyamaza ili kuwalinda wazazi wao. Walijifunza kwa kuwatazama wenzao na kwa kusoma nyuso. Sioni sababu ya kudhani mtoto wa Kamesa anasoma nyuso vibaya zaidi. Siku moja atamuuliza mgeni wake wa kila wiki swali ambalo hawezi kumuuliza mama: je, nitakufa? Kijana huyo hapaswi kudanganya, wala hapaswi kutoa hukumu ambayo si yake. Anapaswa kuuliza kwa upole mtoto anafikiria nini, kusikia jibu mpaka mwisho, na siku hiyo hiyo kumweleza muuguzi. Mambo haya hayafundishwi katika semina ya asubuhi moja. Kerala walitumia saa 16 darasani na bado waliongeza siku nne za kutembea na wauguzi kabla ya kumwacha mtu aingie nyumba ya mgonjwa.

Tatu, picha. Simu ibaki mfukoni. Mtoto mwenye uso uliovimba si ushahidi wa kazi ya mtu.

Katika hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, kuna mfano mwingine ulio karibu nasi kwa lugha na kwa mazingira. Huko shirika la Tumaini la Maisha, lililojengwa kandokando ya wodi ya saratani ya watoto na Dakta Trish Scanlan na wenzake wa Tanzania, limeweka pamoja matibabu, masomo na michezo wodini, na malazi ya familia zinazotoka mikoani. Mtoto anachora wakati dawa inaingia mshipani. Anayechora naye hana haja ya kujifanya daktari, kwa kuwa madaktari wapo. Mchezo unapata maana yake kamili hapo ambapo maumivu yameshatulizwa. Mtoto hachezi akiwa anaumwa.

Linabaki swali ambalo sijaliona likiulizwa vya kutosha: nani anamtunza mwanafunzi? Mtoto atafariki, si wote, lakini wengine watafariki, na kijana aliyemsomea hadithi kwa miezi minane atafiwa. Kwa desturi zetu anayo haki ya kukaa matangani, kusaidia kubeba maji ya wageni, kurudi siku ya kuganduka familia inapoondoa msiba. Mradi umruhusu. Usimpangie mtoto mwingine wiki inayofuata kama mtu anayejaza nafasi. Na awepo mtu mzima, muuguzi mzoefu au mchungaji au shehe anayeaminika, ambaye wanafunzi hukutana naye kila mwezi kusema yaliyowalemea. Bila hilo watajifunza kuwa wagumu, na ugumu huo wataupeleka hospitalini watakapokuwa madaktari.

Kuhusu kipimo cha mafanikio nitasema machache. Kuhesabu ziara ni rahisi, ndiyo maana zinahesabiwa. Lakini unaweza kufanya ziara mia kwa watoto waliokesha wakilia. Kipimo chenye maana ni usiku: mtoto alilala? Mama anaweza kulijibu swali hilo kila asubuhi, na mwanafunzi anaweza kuliandika katika daftari la senti chache. Mradi utakaokubali kuhukumiwa kwa daftari hilo utalazimika kutafuta mofini, maana bila mofini kurasa zake zitausuta.

Nawaambia basi walio na uwezo wa kuanzisha jambo hili, vyuo vikuu vya Bujumbura, vyama vya wanafunzi, makanisa na misikiti ya Musaga, na wafadhili wanaosoma maandiko yao. Msiwaite wanafunzi kwanza. Nendeni kwenye kituo cha afya kilicho karibu zaidi na nyumba ya mtoto, muulize kama kuna mofini ya kunywa, nani anashika ufunguo wa kabati, na kama mtu huyo hupokea simu Jumapili usiku. Kama majibu hayapo, fedha za mwaka wa kwanza ziende huko: kwa muuguzi mmoja aliyefundishwa, kwa mfamasia, kwa kibali cha Wizara ya Afya. Mkishayapata, waiteni vijana wa Musaga. Watakuja.